Stesheni ya Kamanyola

Mtoto wa Bukavu anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuona gari la moshi hata siku moja. Mashua anaziona ziwani. Kamioni anaziona barabarani, zimejaa magunia na watu juu ya magunia. Ndege nazo anaziona juu. Lakini reli hakuna. Katika Ibanda, katika Kadutu, katika Bagira, hakuna stesheni, wala haijapata kuwako.

Hata hivyo, zamani za Wabelgiji, Bukavu ilikuwa na stesheni yake. Haikuwa mjini. Ilikuwa chini bondeni, mwendo wa kilomita zaidi ya 50 kwa barabara, mahali panapoitwa Kamanyola. Mtu aliyetoka Uvira kwa gari la moshi alishuka hapo, akapanda motokari au kamioni, akaanza kupanda milima mpaka Bukavu. Reli ilikwisha Kamanyola. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mlima.

Ili kufahamu jambo hili, sharti kwanza kutazama nchi yenyewe ilivyo. Kuna maziwa mawili na mto mmoja. Ziwa Kivu liko juu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, mita 773 hivi. Katikati yake unapita mto Ruzizi. Unatoka Kivu pale pale Bukavu, unakwenda kusini, na kumwaga maji yake katika Tanganyika karibu na Uvira na Bujumbura. Urefu wake ni kilomita 117 hivi. Basi maji ya Ruzizi yanashuka karibu mita 690 katika safari hiyo.

Lakini hayashuki sawasawa. Karibu na Bukavu mto unaanguka kwa nguvu ndani ya korongo jembamba, unapiga kelele kati ya majabali. Ndiyo maana watu wa umeme waliupenda: bwawa la kwanza la Ruzizi lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili lilianza kazi mwaka 1989. Ukifika Kamanyola, mto umekwisha choka. Unatoka mlimani, unaingia uwanda mpana wa joto, unakwenda polepole kwa kupindapinda. Hapo ndipo Kongo, Rwanda na Burundi zinapokaribiana. Nao ukingo wa mto upande wa Rwanda, mbele ya Kamanyola, ndipo mahali pa chini kabisa pa nchi yote ya Rwanda: mita 950 tu.

Piga hesabu. Kutoka Ziwa Tanganyika mpaka Kamanyola ni mita 180 hivi za kupanda, nazo zimegawanyika katika kilomita karibu 90. Ni kama mita 2 kwa kila kilomita. Mtu anayetembea kwa miguu hajui hata kama anapanda. Lakini kutoka Kamanyola mpaka Ziwa Kivu ni mita zaidi ya 500, tena katika nusu ya mwendo ule. Hiyo ndiyo siri yote ya stesheni ya Kamanyola.

Wakati Wabelgiji walipoanza kuukuza mji wa Bukavu, waliouita Costermansville kuanzia mwaka 1927 hadi miaka ya 1950, walitaka njia ya kufika baharini. Kongo ni nchi kubwa mno. Kutoka Bukavu mpaka Matadi ni safari ya majuma mengi, kwa barabara, kwa mto na kwa reli. Bahari ya mashariki ilikuwa karibu zaidi. Huko reli zilikuwa zimekwisha fika katika Ziwa Tanganyika: Wajerumani walifikisha reli yao kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma mwaka 1914, na upande wa Kongo reli ya Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Tena mwaka 1921 Waingereza walikubali kuwapa Wabelgiji sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na sehemu ya bandari ya Kigoma, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Kodi ya mahali hapo ilikuwa franka moja kwa mwaka. Ni bei ndogo kuliko bei ya kuku.

Basi njia ilikuwa wazi kutoka baharini mpaka Uvira. Kilichobaki ni kutoka Uvira mpaka Bukavu. Ikaundwa kampani ya reli ya Kivu, ambayo kwa kifupi iliitwa CEFAKI. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 gari la moshi lilikuwa linakwenda kutoka bandari ya Kalundu, karibu na Uvira, mpaka Kamanyola. Reli ilipita uwanda wa Ruzizi, nchi ya joto na mbu, ambako mtu wa Bukavu aliyezoea baridi hutoka jasho hata akikaa kivulini. Ni nchi ya Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi na Katogota. Shabaha ilikuwa kufika Costermansville, na kampani ilijiita ya Kivu kwa sababu hiyo. Lakini reli haikufika Ziwa Kivu kamwe.

Kwa nini haikupanda? Wengine watasema: kamioni inapanda, mbona gari la moshi lisipande, nalo lina nguvu zaidi? Jibu liko katika gurudumu. Gurudumu la kamioni ni la mpira, nalo linaishika njia kama mkono unavyoshika mti. Gurudumu la gari la moshi ni la chuma, na reli ni ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Mahali pa sawa utelezi huo ni faida kubwa, kwa kuwa injini moja huvuta mabehewa mengi kwa nguvu kidogo. Lakini mahali pa mwinuko utelezi ule ule unageuka kuwa adui. Magurudumu yanazunguka pale pale, na gari haliendi. Kwa hiyo wajenzi wa reli ya kawaida hawapendi kupandisha zaidi ya mita 1 katika mita 40 au 50 za njia. Pakiwa pakali kuliko hapo, sharti wazungushe reli ubavuni mwa mlima, au watoboe mlima kwa shimo refu, au wajenge madaraja juu ya mabonde.

Katika karatasi ingewezekana. Mita 500 za kupanda, kwa mita 1 katika mita 50, ni kilomita 25 za reli. Kutoka Kamanyola mpaka Bukavu ni mbali kuliko hapo, basi nafasi ipo. Lakini mlima haupandi kwa kufuata hesabu ya karatasi. Juu ya Kamanyola kuna mteremko mkali wa Ngomo. Nchi inasimama wima kama ukuta wa nyumba, kisha inavunjika katika vilima na mabonde kuelekea Nyangezi. Upande wa mto ni korongo. Kila kilomita ingetaka baruti, saruji, fedha nyingi na watu wengi.

Nayo Kongo ilikuwa imekwisha onja reli ya milimani. Reli ya kwanza, kutoka Matadi mpaka Kinshasa, ilijengwa tangu mwaka 1890 hadi 1898. Kilomita za kwanza, kati ya majabali ya Matadi, ndizo zilizowasumbua watu kupita zote. Hesabu ya Wabelgiji wenyewe yasema walikufa watu 1,932 katika kazi ile, na 1,800 kati yao walikuwa Waafrika. Wengi husema hesabu ya kweli ni kubwa zaidi.

Basi Kamanyola ikawa mwisho wa reli. Na mwisho wa reli una kazi nyingi kuliko stesheni ya katikati.

Katika stesheni ya katikati gari husimama kidogo. Watu wachache hushuka, wengine hupanda, filimbi inalia, gari linaondoka. Mama aliyekuja kuuza ndizi hana muda wa kurudisha chenji. Lakini katika stesheni ya mwisho kila kitu hushuka: kila mtu, kila gunia, kila pipa. Ndiyo maana stesheni ya namna hiyo hutaka ghala kubwa, mizani ya kupimia mizigo, uwanja wa kamioni, na watu wengi wenye mabega ya nguvu. Karani anaandika katika daftari: magunia mangapi yameingia, mangapi yametoka, la nani limechanika. Gunia likipotea, daftari ndilo shahidi.

Tena kuna shida ya kugeuza gari. Injini za mvuke zilifanywa ziende vizuri kwa kutazama mbele. Zikifika mwisho, zitageukaje, nazo haziwezi kupinda barabarani kama motokari? Wajenzi wa reli wana njia mbili. Ya kwanza ni meza ya chuma inayozunguka: injini inasimama juu yake, watu wanaisukuma, nayo inageuka kama mtu aliyesimama juu ya kigae. Ya pili ni reli tatu zilizowekwa mfano wa pembetatu: injini inakwenda mbele katika pembe moja, inarudi nyuma katika ya pili, nayo inapotoka katika ya tatu imekwisha tazama inakotoka.

Injini ya mvuke nayo inakula na kunywa. Inakula kuni au makaa, na inakunywa maji mengi kuliko ng'ombe wa kijiji kizima. Kwa hiyo penye stesheni ya zamani utaona mara nyingi tangi refu la maji, hata kama reli yenyewe imekwisha kuondolewa.

Lakini kazi kubwa ya mkuu wa stesheni si maji wala magunia. Ni uzima wa watu. Reli ya namna hii ina njia moja tu. Gari likitoka Uvira na jingine likitoka Kamanyola wakati mmoja, yatakutana uso kwa uso, na hakuna anayeweza kumpisha mwenziwe. Katika reli nyingi za njia moja kuna dawa ya zamani. Kwa kila kipande cha njia kuna kifimbo kimoja au cheti kimoja. Dereva asiyekuwa na kifimbo hicho mkononi haruhusiwi kuondoka, hata akichelewa, hata abiria wakimpigia kelele. Mkuu wa stesheni huongea kwanza na mwenziwe kwa simu ya waya: njia ni tupu? Ni tupu. Ndipo anapotoa kifimbo na kuinua bendera. Abiria dirishani huona bendera tu. Kifimbo hawakioni.

Sasa tufuate gunia moja la chumvi kutoka pwani mpaka Bukavu, zamani za reli ya Kamanyola. Linatoka melini Dar es Salaam na kuingia katika gari la moshi. Hiyo ni mara ya kwanza ya kubebwa. Linakwenda kilomita 1,250 hivi mpaka Kigoma, linatolewa na kuingizwa katika meli ya ziwa: mara ya pili. Linavuka Tanganyika, linatolewa Kalundu na kutiwa katika behewa: mara ya tatu. Linafika Kamanyola, linatolewa na kupandishwa kamioni: mara ya nne. Linapanda Ngomo, linafika Bukavu na kushushwa ghalani: mara ya tano. Kama ni gunia la Goma, linatiwa tena mashuani kuvuka Kivu: mara ya sita.

Kila mara watu wanalipwa. Kila mara karani anaandika. Kila mara gunia linaweza kulowa, kuchanika, au kupungua kilo mbili njiani bila mtu kujua zimekwenda wapi. Nao wenye kahawa, pamba na madini ya bati, walioteremsha mizigo yao kwa njia ile ile, walihesabu kubebwa kule kule kwa kurudi nyuma.

Hilo ndilo lililoiua reli ya Kamanyola. Ilikuwa fupi mno. Gari la moshi ni rahisi kwa safari ndefu, maana gharama ya kupakia na kupakua inagawanyika katika kilomita nyingi. Kwa kilomita karibu 90 tu, kisha kupakua tena, faida inaliwa na mabega ya wapagazi. Kamioni zilipokuwa kubwa na zenye nguvu, mfanyabiashara alijiuliza: kama kamioni ndiyo itakayopanda Ngomo vyovyote, kwa nini isije kuchukua mzigo Kalundu yenyewe, kando ya meli? Hapo kubebwa kumoja kunatoka katika hesabu. Katika miaka ya 1950 gari la moshi likaacha kwenda, barabara ikachukua kazi yake, na reli ikang'olewa.

Ni ajabu kidogo. Reli ya Kigoma haikufa. Reli ya Kalemie haikufa katika miaka ile. Hata meli kubwa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ilifufuliwa kutoka majini na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kipande kidogo cha Kamanyola peke yake ndicho kilichokufa, na wala si kwa kuvunjika. Kilikufa kwa hesabu.

Jina la Kamanyola halikupotea. Mwaka 1964 palipiganwa vita hapo, wakati wa uasi wa mashariki, na baadaye Mobutu aliliita jeshi lake moja kwa jina hilo. Watu wengi wa Kongo wanalijua jina kwa sababu ya vita, si kwa sababu ya gari la moshi.

Tangu hapo mzigo wote wa Uvira na Bukavu umekuwa juu ya kamioni. Barabara ya Ngomo ni nyembamba, upande mmoja jabali, upande wa pili shimo. Wakati wa mvua udongo unaporomoka, na kamioni zinapanga mstari zikingoja siku moja, mbili au tatu. Kwa miaka mingi madereva wengi wa magari madogo walichagua kuvuka mpaka na kupita upande wa Rwanda, kwa Bugarama, kisha kurudi Kongo. Nchi ya watu ilikuwa na njia rahisi kuliko nchi yao wenyewe.

Barabara ina hatari nyingine ambayo reli inaipunguza. Gari la moshi hubeba petroli katika mabehewa, katika njia yake lenyewe, mara nyingi mbali na nyumba. Kamioni hupita katikati ya vijiji. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamioni ya petroli ilipinduka Sange, katika uwanda ule ule ambao zamani reli ilipita. Petroli ilimwagika. Watu walikuja na ndoo na mabidoni kuichota, maana petroli ni fedha. Wengine walikuwa wamekusanyika karibu katika vyumba vya kutazamia mpira, kwa kuwa ulikuwa wakati wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka ghafula. Walikufa watu zaidi ya 200, na watoto walikuwa wengi. Petroli iliyomwagika haichotwi. Mvuke wake hauonekani, hutambaa chini mpaka penye moto, hata kama moto ni jiko dogo lililo mbali.

Mahali pengine stesheni za kando ya mji zimezaliwa upya. Karibu na Nairobi stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwezi wa Novemba 2012, ili wafanyakazi waache magari yao hapo na kuingia mjini kwa treni. Mwaka huo huo Dar es Salaam nayo ilianza treni za asubuhi na jioni za kuwachukua watu kati ya viunga na mji. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha Dodoma. Treni hizo hazihitaji kuni wala tangi la maji. Reli yake ni pana kuliko reli ya Wajerumani, na kwa hiyo mabehewa ya zamani hayawezi kupita juu yake hata kidogo. Tena mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilitia sahihi mapatano ya kujenga reli kama hiyo kutoka Uvinza mpaka Musongati, ndani ya Burundi.

Kutoka Musongati mpaka Ruzizi bado kuna milima mingi. Na ng'ambo ya Ruzizi, juu ya Kamanyola, Ngomo iko pale pale. Kamioni inayoupanda huweka gia ya kwanza tangu chini, nayo hunguruma polepole. Kijana wa kamioni hutembea nyuma kwa miguu, jiwe mkononi, tayari kulitia chini ya gurudumu kama gari likianza kurudi.